Kukosoa Si Chuki: Schumann wa Leipzig na Wazee Wetu wa Mvita

Mombasa ukitaja Mjerumani aliyezaliwa mwaka wa 1810, wanaopenda historia watakwambia Krapf. Yule mmishenari aliyefika hapa kisiwani 1844, akafiwa na mkewe na mtoto wao mchanga mwaka huo huo, halafu akatumia miaka kukusanya maneno ya Kiswahili. Sawa. Lakini 1810 hiyo hiyo alizaliwa Mjerumani mwengine ambaye hakuwahi kufika huku, na leo nataka tumzungumzie huyo: Robert Schumann, mtunzi wa piano na mkosoaji wa muziki.

Najua unauliza, piano na Old Town wapi na wapi? Ngoja, nakuja.

Kwenye muziki wetu siku hizi kuna watu wa aina mbili. Kuna chawa, ambao kila wimbo ukitoka wanaandika "moto moto" hata kabla haujafika katikati. Na kuna wenye chuki, ambao kazi yao ni kutukana. Ukijaribu kusimama katikati, useme tu kwamba sauti ni tamu lakini maneno ni mepesi, unaambiwa una wivu. Ama unaambiwa ile ya kila siku: toa wako kwanza tuuskie. Mimi nimeambiwa hivyo mara nyingi mpaka nimezoea. Lakini sikubaliani nayo, na Schumann ni mmoja wa watu wanaonisaidia kueleza kwa nini.

Baba yake alikuwa muuza vitabu mjini Zwickau, kwa hivyo kijana alikua na vitabu upande mmoja na piano upande wa pili. Mwaka wa 1828 akapelekwa Leipzig kusomea sheria. Sheria haikumuingia. Akaiacha, akaenda kukaa kwa mwalimu wa piano, Friedrich Wieck, akitaka kuwa mpigaji mkubwa. (Wazazi wanaosoma hapa, sisemi watoto waache chuo. Mimi niliacha na sijawa Schumann.) Halafu mkono wake wa kulia ukaharibika, kidole kikawa hakimtii. Ndoto ya kupiga mbele za watu ikaishia hapo, akiwa na miaka ishirini na kitu.

Akabakiwa na mambo mawili, kutunga na kuandika.

Mwaka wa 1834, akiwa na miaka 23, yeye na wenzake wakaanzisha jarida la muziki hapo Leipzig, Neue Zeitschrift für Musik. Aliliongoza kwa karibu miaka kumi. Wakati huo kumbi zilijaa wapigaji wa mbwembwe, vidole mbio lakini ndani hamna kitu, na magazeti yakiwasifu tu. Schumann alichoka. Akajitungia majina ya kuandikia: Florestan, mtu wa moto, anayesema bila kupepesa macho, na Eusebius, mpole, mwenye kuskiza sana kabla hajafungua mdomo. Kuna wakati akiwaweka wabishane kuhusu kazi moja, na wa tatu, Raro, anaingia kuamua. Mtu wa Old Town hahitaji kuelezwa hiyo ni nini. Hiyo ni baraza. Wazee watatu, kahawa, na mada moja ambayo hakuna anayetaka kuiachia.

Sasa tazama kalamu ile alivyoitumia. Mwaka wa 1831, hata kabla ya jarida, aliandika makala kumtangaza kijana kutoka Poland ambaye Wajerumani wengi walikuwa hawamjui: Chopin. Wote wawili walikuwa na miaka 21. Yaani alikuwa anamtangaza mshindani wake mwenyewe. Mwaka wa 1839, akiwa Vienna, alimtembelea kaka yake marehemu Schubert. Schubert alikuwa amekufa 1828, na nyumbani kwa huyo kaka kulikuwa na rundo la karatasi zake. Ndani yake Schumann akakuta simfoni kubwa, nzima, imelala. Akahakikisha imefika Leipzig, na Machi mwaka huo huo Mendelssohn akaiongoza mbele za watu. Na mwaka wa 1853, akiwa ameshaanza kudhoofika, alibishiwa hodi na kijana wa miaka 20 anayeitwa Brahms. Schumann akamskiza, akashika kalamu aliyokuwa ameiweka chini kwa miaka, akaitangazia dunia kwamba huyu mtoto atafika mbali. Alifika.

Si kwamba alikuwa malaika. Meyerbeer, mtunzi wa opera aliyekuwa akijaza kumbi Paris, alimshambulia kwa ukali ambao wengi baadaye waliona umepita mpaka. Mkosoaji pia anaweza kukosolewa, na ni haki. Lakini ukiangalia hesabu yote, kalamu yake ilifufua wengi kuliko iliowachoma.

Na kazi zake mwenyewe? Hapa ndipo napenda zaidi. Kuna mkusanyiko wake wa piano unaoitwa Carnaval, vipande vifupi vifupi kama watu wamevaa vinyago kwenye sherehe. Florestan yumo. Eusebius yumo. Clara, binti wa mwalimu wake, yumo kwa jina la kupanga. Na kuna kipande kinaitwa "Chopin", ambacho kimetungwa kwa mwendo wa Chopin mwenyewe. Yaani alimuandikia Chopin kwa maneno, halafu akamuandikia tena kwa muziki. Kwake kutunga na kukosoa ilikuwa kazi moja: kuskiza mwenzako kwa makini, kisha umjibu.

Shika hilo neno, kumjibu. Sasa turudi nyumbani.

Wakati Schumann anaendesha jarida lake, hapa Mvita alikuwepo Muyaka bin Haji. Alizaliwa mwaka wa 1776 hivi, akafariki 1840, mwaka ule ule Schumann alipomuoa Clara baada ya kesi mahakamani dhidi ya baba mkwe, akatunga nyimbo zaidi ya mia kwa mwaka mmoja. Muyaka alitunga kuhusu mapenzi, njaa, pesa, jirani, na vita vya Mazrui dhidi ya Lamu na Unguja. Lakini hakutunga peke yake. Lamu kulikuwa na Bwana Zahidi Mngumi, na miji miwili ilipogombana, washairi nao walitumiana mashairi. Mmoja anarusha, mwengine anajibu. Ili ujibu ilibidi uwe umelielewa shairi la mwenzako neno kwa neno, ujue limesimama wapi na limelegea wapi. Kujibizana huko ndiko uhakiki wa kwetu. Kwa hivyo mtu akikwambia kukosoa ni mambo ya Wazungu, muulize kama amewahi kuskia habari za Muyaka.

Ukishamuuliza hilo, muulize na hili: Muyaka tumempata vipi? Mashairi yake yalikuwa vichwani mwa watu, na watu wanakufa. Miaka mingi baada ya kifo chake, mwanachuoni wa hapa hapa Mombasa, Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyakusanya, akayaandika, akasaidia kueleza maana na visa vyake, akishirikiana na mmishenari Mwingereza William Taylor. Sikujua alifariki 1890. Karatasi zile zikasafiri mpaka London, na kutokana nazo Hichens akatoa diwani ya Muyaka mwaka wa 1940, miaka mia kamili tangu kifo chake. Mwaka wa 1979 Profesa Mohamed Abdulaziz wa Nairobi akaandika kitabu kizima kumchambua. Muyaka alihitaji Sikujua, kama simfoni ya Schubert ilivyohitaji mtu wa kupekua lile rundo. Tofauti ni kwamba Schumann ana sanamu na makumbusho. Sikujua, ukiuliza vijana kumi pale Fort Jesus, sijui kama mmoja atakwambia ni nani.

Na sasa Leipzig na Mombasa zinakutana, kweli kabisa. Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa Mombasa, 1946, alifungwa jela 1969 mpaka 1972 kwa kijikaratasi cha kuikosoa serikali, "Kenya: Twendapi?" Gerezani aliandika mashairi kwa siri kwenye karatasi za choo. Yakatoka 1973 kama "Sauti ya Dhiki", na kitabu kikapewa tuzo yenye jina la Jomo Kenyatta, rais yule yule aliyekuwa madarakani alipofungwa. Baada ya Dar es Salaam na London, alikwenda kufundisha Kiswahili Chuo Kikuu cha Leipzig tangu 1995 mpaka 2011. Ndiyo, mji ule ule, ambako mpaka leo ipo nyumba walioishi Robert na Clara walipooana.

Abdilatif angeweza kukaa kwenye sifa zake akatosheka. Badala yake alishika pia kazi za wengine. Mwaka wa 2011 kilitoka kitabu alichokihariri, "Kale ya Washairi wa Pemba", cha mashairi ya Kamange na Sarahani, mafundi wa zamani ambao wengi wetu hatukuwa tunawajua. Hivyo ndivyo Schumann alivyofanya na lile rundo la Vienna.

Kwa hivyo "toa wako kwanza" mimi siikubali. Ni kweli Schumann alikuwa na wake, Abdilatif ana wake. Lakini Sikujua tunamhitaji leo kwa sababu alithamini vya mtu mwengine. Kuskiza vizuri na kuandika ulichoskia ni kazi kamili, hata kama hujawahi kushika maikrofoni.

Na kazi ipo, tena ya haraka. Juma Bhalo alituacha 2014. Zein l'Abdin, fundi wa udi, 2016. Taarab ya Mombasa ilirekodiwa kwa wingi hapa mjini, na maduka kama Mbwana Radio Service na Assanand yakaisambaza. Sehemu kubwa iko kwenye kaseti, na kaseti zinaharibika. Nyingine zimepakiwa mtandaoni na mtu mwema, lakini chini yake hakuna jina la aliyetunga maneno, hakuna jina la aliyepiga tashkota, hakuna mwaka. Komenti ni "wimbo wa mamangu huu" na moyo mwekundu. Tamu, lakini haimsaidii mtu atakayeskiza miaka hamsini ijayo. Ahmad Nassir Juma Bhalo, nduguye Abdilatif, alitunga mashairi ambayo Juma Bhalo aliyaimba, na kuna watu wanaujua wimbo mwanzo mwisho bila kujua kuna mshairi nyuma yake.

Schumann mwenyewe alimaliza vibaya. Februari 1854 alijitupa mto Rhine, akaokolewa, akaingia hospitali ya wagonjwa wa akili huko Endenich, akafia humo Julai 1856 akiwa na miaka 46. Clara aliishi miaka 40 baada yake. Aliendelea kuzipiga kazi za mumewe kumbi kwa kumbi, na akasimamia uchapishaji wake, akisaidiwa na Brahms, yule kijana aliyebisha hodi. Kwa hivyo aliyewatunza wengine, naye akatunzwa.

Ombi langu ni dogo. Chagua wimbo mmoja wa nyumbani kwenu. Muulize bibi, mjomba, jirani: nani katunga, nani kaimba, nani kapiga, ulikuwa unamsema nani? Halafu andika, useme na pale unapoona umelegea, na kwa nini. Weka majina. Atakayekuja kukwambia una chuki, mwambie aandike wake akujibu. Hapo ndipo tutakuwa tumerudi kwenye desturi ya mji huu.