Fedha si ridhaa

Miaka mingi iliyopita, nikiwa kijana, dereva mmoja wa lori alitusimulia kijiweni habari za msichana aliyeletewa chumbani katika nyumba ya wageni. Msichana alilia tangu mwanzo hadi mwisho, na fedha alipokea mtu aliyekuwa akingoja mlangoni. Mwenzetu mmoja akauliza kwa nini hakumwacha aende zake. Dereva akajibu, "Si nilikuwa nimeshalipa?" Tukacheka. Nami nilicheka.

Kicheko kile kina historia ndefu. Mwaka 1864 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuwakinga askari na mabaharia wake na magonjwa ya zinaa, ikapanuliwa 1866 na 1869. Katika miji ya kambi na bandari, kama Aldershot na Portsmouth, polisi waliovaa kiraia waliweza kumshuku mwanamke kuwa kahaba, naye akalazimishwa kupimwa. Akikataa, jela. Akionekana mgonjwa, alifungiwa hospitali. Na askari aliyelala naye je? Sheria haikumgusa. Mwaka 1871 tume ya serikali ikaeleza sababu: mwanamke hutenda kosa kwa kutafuta faida, lakini mwanamume anafuata tu hamu ya maumbile.

Josephine Butler, mke wa kasisi, alizunguka nchi akiipinga sheria hiyo, akitukanwa na hata kushambuliwa. Hoja yake ilikuwa nyepesi: kosa ni la wawili, mbona aadhibiwe mmoja? Sheria zikafutwa mwaka 1886.

Hata hivyo, ilipita miaka mingi kabla mteja mwenyewe hajaulizwa. Mwaka 1999 Sweden ilianza kumshitaki anayenunua na si anayeuza. Mwaka 2009 Bunge la Uingereza likapitisha sheria kwa ajili ya England na Wales: anayemlipa mtu aliyeingizwa katika ukahaba kwa nguvu, vitisho au hila za mwingine ana hatia, hata kama hakujua. Adhabu ni faini tu, lakini neno "sikujua" halimwokoi tena.

Wapo watakaosema huo ni uonevu, kwani mteja atajuaje? Wapo pia wanawake wanaosema kazi hii wameichagua wenyewe, na kwamba kumwandama mteja kunawasukuma wao gizani. Sibishani nao juu ya maisha yao. Lakini ikiwa yuko aliyeridhia na yuko asiyeridhia, basi ni juu ya anayelipa kuwatofautisha.

Tazameni biashara ya kawaida. Ukiuziwa redio usiku, uchochoroni, kwa bei ya kutupa, hakimu atakuuliza kama hukuwa na sababu ya kuamini kuwa ni ya wizi. Redio tunaidai risiti! Je, machozi, mtu anayengoja mlangoni, na fedha zisizofika mkononi mwa mwenye mwili, hizo si sababu za kutosha?

Kulipa hakununui ridhaa. Aliyelipa na kuona machozi bado anaweza kuinuka, kufungua mlango na kumwachia mtu njia.

Mwenzetu aliyeuliza swali siku ile tulimwona mshamba. Leo naona alikuwa mtu mzima peke yake pale kijiweni. Hadi juma lijalo, panapo majaliwa.