KIKOHOZI KISICHOKOMA: Jukumu la ndugu wa mgonjwa wa mapafu

KIKOHOZI kinapoingia katika boma, mara nyingi mgonjwa mwenyewe ndiye wa mwisho kukikiri. Atasema ni vumbi la mahindi, ni baridi ya alfajiri, ni moshi wa jikoni. Anayekisikia usiku kucha ng'ambo ya ukuta ni ndugu yake, na aghalabu ndugu huyo ndiye anayetambua kwanza kuwa suruali imelegea kiunoni na kuwa shuka hulowa jasho hata usiku wa baridi.

Katika eneo la Misikhu, lililo kando ya barabara kuu itokayo Webuye kwenda Kitale katika Kaunti ya Bungoma, visingizio hivyo si uongo mtupu. Msimu wa kupukuchua mahindi huijaza hewa vumbi, na nyumba nyingi hupika kwa kuni juu ya mafiga matatu. Wakazi wa Webuye, mji ulio jirani, waliishi kwa miongo kadhaa na moshi na harufu ya kiwanda cha karatasi cha Pan Paper hadi kilipofungwa mwaka 2009. Mtu anayekohoa huku hamshtui mwenziwe, na kwa sababu hiyo ugonjwa wa mapafu hupata muda wa kujijenga kabla ya kushukiwa.

Kanuni ya wahudumu wa afya ni nyepesi kukumbuka. Kikohozi kilichodumu wiki mbili au zaidi kichunguzwe kama huenda ni kifua kikuu, hasa kikiandamana na homa, jasho la usiku, kupungua uzito au maumivu ya kifua. Anayeishi na virusi vya Ukimwi hangoji wiki mbili. Kikohozi cha siku yoyote kinatosha kumpeleka kliniki. Kukohoa damu, hata kidogo, hakusubiri siku ya soko ipite.

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kuwa watu milioni 10.8 waliugua kifua kikuu duniani mwaka 2023 na wengine milioni 1.25 wakafa kutokana nacho. Nchini Kenya, uchunguzi wa kitaifa uliofanywa kati ya 2015 na 2016 ulibaini kuwa takriban wagonjwa wanne kati ya kila 10 hawakuwa wametambuliwa wala kuanza tiba, na kwamba ugonjwa huo ulikuwa mwingi zaidi miongoni mwa wanaume. Wengi wa waliokuwa na dalili hawakuwa wamekwenda hospitalini. Walikuwa nyumbani, pamoja na ndugu zao.

Kumshawishi aliye mkubwa

Hapa pana ugumu ambao vijitabu vya afya havielezi. Katika jamii ya Wabukusu, kama katika jamii nyingine nyingi, mdogo hamwamuru mkubwa. Kijana akimwambia kaka yake, kichwa cha nyumba, kuwa ni lazima akapimwe, huenda akajibiwa kwa ukali au kwa kicheko. Busara ni kumtafuta mtu ambaye neno lake halitupwi, kama vile khocha, yaani mjomba, au senge, shangazi wa upande wa baba. Wapo pia wahudumu wa afya ya jamii, ambao serikali iliwapa mikoba ya vifaa na simu mwezi Septemba 2023 na ambao huzuru nyumba kwa nyumba. Mhudumu akifika na kuuliza kila mtu kuhusu kikohozi, mgonjwa haoni kuwa ametengwa.

Neno lenyewe lina uzito. "Nenda ukapimwe" ni amri; "twende tukapimwe" ni mwaliko, tena ni wa kweli, kwa kuwa anayelala nyumba moja na mgonjwa wa kifua kikuu anastahili kuchunguzwa naye.

Mkazi wa Misikhu anaweza kuelekea kusini, kwenye hospitali ya misheni ya Friends iliyoko Lugulu au hospitali ya kaunti ya Webuye, na mbele zaidi hadi hospitali ya rufaa ya Bungoma. Anaweza pia kupanda matatu ya kaskazini hadi Kitale. Dawa za kifua kikuu hutolewa bila malipo katika vituo vya umma. Nauli, chakula na baadhi ya picha za kifua ni mzigo wa familia, na ni vyema ndugu wakagawana gharama hizo mapema kuliko kuitana kwa harambee mgonjwa akiwa amelazwa. Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilichukua nafasi ya hazina ya NHIF, kwa hivyo usajili wa mgonjwa uthibitishwe kabla ya siku ya kwenda kupigwa picha.

Makohozi yanayofaa kupimwa ni yale yatokayo ndani ya kifua, hasa ya asubuhi, wala si mate. Mgonjwa asukutue kinywa kwa maji, asimame nje mahali penye upepo, avute pumzi ndefu mara kadhaa kisha akohoe ndani ya kikopo. Mashine ya GeneXpert, iliyoidhinishwa na WHO mwaka 2010, hutoa jibu kwa muda wa saa mbili hivi na huonyesha pia iwapo vijidudu vimekuwa sugu kwa dawa ya rifampisini. Hata hivyo si kila zahanati iliyo na mashine hiyo. Sampuli husafirishwa, na safari huchelewa. Mapema mwaka 2025, Marekani iliposimamisha sehemu kubwa ya misaada yake ya nje, huduma za kifua kikuu zilitikisika katika mataifa mengi ya Afrika. Ndugu aliyeandamana na mgonjwa aandike tarehe ya kutoa sampuli, mahali ilikopelekwa na nambari ya kuulizia. Kimya cha maabara si jibu.

Swali la pili

Jibu likirudi kuwa hakuna kifua kikuu, nyumba hushusha pumzi. Mgonjwa hupewa viuavijasumu, hurudi shambani, na kikohozi huendelea. Wiki zikipita hununua dawa nyingine dukani. Wakati mwingine daktari huamua kumwanzishia tiba ya kifua kikuu kutokana na picha ya kifua, ingawa makohozi hayakuonyesha kitu. Uamuzi huo unaruhusiwa na mara nyingi huokoa maisha, lakini una sharti lake: mgonjwa aangaliwe upya baada ya muda, na asipopata nafuu atafutiwe sababu nyingine.

Sababu hizo ni nyingi. Moshi wa kuni uliovutwa kwa miaka 20 au 30 huziba njia za hewa, na wanaoumia zaidi ni akina mama ambao hawajawahi kugusa sigara. Pumu huwapata watu wazima pia. Moyo dhaifu hujaza mapafu maji na kumfanya mtu akohoe akilala. Na ipo saratani ya mapafu, ambayo dalili zake, kikohozi, damu, kukonda na maumivu ya kifua, zinafanana na za kifua kikuu kiasi cha kumpoteza hata tabibu mzoefu. Madaktari wa saratani nchini wamelalamikia kwa miaka mingi wagonjwa wanaowafikia wakiwa wamemeza dawa za kifua kikuu kwa miezi huku uvimbe ukikua. Kwa watu wa Bungoma na Trans Nzoia, rufaa ya aina hiyo mara nyingi huishia Eldoret, katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi.

Basi swali la pili, ambalo mgonjwa mchovu hana nguvu ya kuliuliza, ni la ndugu yake: kama si kifua kikuu, ni nini? Na likifuatwa na jingine: ni tarehe gani tutakaporudi ili ijulikane kuwa dawa hizi zinafanya kazi au hazifanyi? Daktari mwema hachukizwi na maswali haya. Picha zote za kifua zihifadhiwe nyumbani mahali pakavu, kwa sababu picha ya leo ikilinganishwa na ya miezi mitatu iliyopita husema mengi kuliko picha moja. Doa linalokua licha ya dawa lahitaji picha ya CT na, mara nyingi, kukatwa kinyama kidogo cha kupimwa. Wengi huogopa hatua hiyo ya mwisho wakidhani kisu huusambaza ugonjwa. Ukweli ni kwamba bila kipande hicho daktari hawezi kujua ni saratani ya aina gani wala aitibu vipi.

Magharibi mwa Kenya kuna jambo jingine lisilofaa kusahaulika, nalo ni ugonjwa wa selimundu. Ndugu mwenye selimundu akipata homa, maumivu ya kifua na pumzi fupi, asihesabiwe wiki mbili. Hiyo ni dharura ya saa hiyo hiyo. Ndivyo ilivyo pia kwa mtu yeyote aishiwaye pumzi akiwa amekaa, ambaye midomo yake imegeuka rangi, anayetapika damu ya kifua kwa wingi, au aliyechomwa na maumivu ya ghafla kifuani huku mguu mmoja ukiwa umevimba.

Miezi sita

Tiba ya miezi sita ya kifua kikuu ina asili yake katika eneo hili. Majaribio yaliyofanywa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia kwa ushirikiano na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, ambayo matokeo yake ya kwanza yalichapishwa mwaka 1972, yalionyesha kuwa rifampisini ikichanganywa na dawa nyingine ingeweza kufupisha tiba iliyokuwa ikichukua mwaka mmoja au zaidi. Siku hizi mgonjwa wa kawaida humeza dawa nne kwa miezi miwili, kisha mbili kwa miezi minne. Kwa kifua kikuu sugu, ambacho zamani kilidai sindano za kila siku kwa miezi, WHO ilipendekeza mwaka 2022 mseto wa vidonge wa miezi sita.

Kliniki humtaka mgonjwa ataje msaidizi wa tiba, mtu wa kumwona akimeza dawa kila siku. Ndugu ndiye anayefaa, mradi aelewe kazi iko wapi. Haiko katika wiki ya kwanza, mgonjwa akiwa na hofu na mtiifu. Iko baada ya mwezi wa pili, kikohozi kikiwa kimekwisha, uzito umerudi na shamba linaita. Hapo ndipo wengi huacha, na vijidudu vilivyobaki hurudi vikiwa vigumu kuua.

Msaidizi ajue mambo mawili matatu yanayotisha bure na moja linalotisha kwa haki. Mkojo kugeuka rangi ya chungwa ni kawaida ya rifampisini. Ganzi ya miguu iripotiwe kliniki, kwani hupewa vitamini ya kuizuia. Lakini macho yakiwa ya manjano na mgonjwa akitapika, ini limeguswa, na siku hiyo hiyo aende hospitali. Kwa sababu hiyo pombe huwekwa kando miezi yote sita, chang'aa na busaa pia.

Kuhusu busaa kuna fikra moja ya kurekebisha. Wazee wanaokinywa kinywaji hicho kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja huogopa mrija wa mwenzao aliyekohoa. Kifua kikuu hakipiti kwenye mrija, sahani wala kikombe. Hupita katika hewa ya chumba kilichofungwa ambamo watu wamekaa saa nyingi pamoja. Kumtengea mgonjwa kikombe chake hakumlindi mtu. Kufungua dirisha kunalinda. Ni ajabu kwamba nyumba nyingi hufanya la kwanza na kusahau la pili.

Katika majuma ya mwanzo ni vyema mgonjwa alale chumba chake, afunike mdomo akikohoa na kupumzika nje mchana. Kwa kifua kikuu cha kawaida, hatari ya kuambukiza hupungua upesi baada ya kuanza dawa, aghalabu ndani ya wiki mbili hivi. Watoto walio chini ya miaka mitano wapelekwe kuchunguzwa hata wakiwa wachangamfu, na wasiougua huweza kupewa dawa za kinga.

Aibu nayo ina dawa yake. Nelson Mandela aligunduliwa kuwa na kifua kikuu mwaka 1988 akiwa mfungwa, akatibiwa na kupona, na baadaye alilisema jambo hilo hadharani. Wagonjwa wengi huteswa zaidi na minong'ono kwamba "ana ule ugonjwa mwingine". Kipimo cha virusi vya Ukimwi hutolewa kwa kila mgonjwa wa kifua kikuu, na ndugu anayekubali kupimwa siku hiyo hiyo humwondolea mwenziwe upweke wa kungoja jibu akiwa peke yake kwenye benchi.

Makohozi hupimwa tena tiba ikiendelea, na mara ya mwisho inapomalizika mwezi wa sita. Baada ya hapo baadhi ya waliopona hubaki na makovu kwenye mapafu, wakaishiwa pumzi wanapopanda mlima au wakakohoa msimu wa baridi. Si lazima ugonjwa uwe umerudi, lakini asiyejua hutofautisha kwa kubahatisha. Kadi ya kliniki na picha za kifua zisitupwe. Zitahitajika siku kikohozi kitakapoanza tena, na atakayekuwa anajua zilipowekwa ni yule aliyekuwa akihesabu vidonge.