Mfyonzo wa Kupanda: Maji Yanayobaki Ukutani Uvira

Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulifurika ukapita katikati ya mji wa Uvira, kando ya Ziwa Tanganyika, nchini Kongo. Makumi ya watu walifariki, maelfu ya nyumba zilibomoka au kuharibika, madaraja yakavunjika. Hayo yalitangazwa. Hali ya nyumba zilizobaki zimesimama haikutangazwa sana. Zilitolewa matope, zikafagiliwa, milango ikaachwa wazi siku chache, watu wakarudi kulala. Maji ya mto yalikuwa yameshaingia ziwani, lakini yale yaliyozama chini ya misingi na ndani ya matofali yalibaki palepale, na kazi yake ndiyo kwanza ilikuwa inaanza.

Wahandisi wa Kongo, ambao husoma fani yao kwa Kifaransa, huiita kazi hiyo remontée capillaire. Sisi kwa Kiswahili tumezoea kusema ukuta una unyevu, basi. Neno unyevu ni zuri, ila linataja hali tu, halisemi maji yanatoka wapi wala yanakwenda wapi. Bati likivuja, ukuta una unyevu. Bomba likipasuka, ukuta una unyevu. Watu sita wakilala katika chumba kisicho na dirisha, kukicha kuta zina unyevu. Kila tatizo kati ya hayo lina dawa yake, na fundi anayelitibu moja kwa dawa ya jingine anaiumiza nyumba. Kwa hiyo tunahitaji istilahi inayotenganisha.

Jambo lenyewe ni hili. Tofali, liwe la udongo mbichi, la kuchoma au la simenti, lina vijitundu vingi mno vilivyoungana. Maji hujishika kwenye kingo za vijitundu hivyo na kujivuta kwenda juu, kinyume cha uzito wake, kama mafuta yanavyopanda utambi wa koroboi. Mwingereza James Jurin alieleza kanuni yake mwaka 1718: mrija ukiwa mwembamba zaidi, maji hupanda juu zaidi. Katika mrija wenye nusukipenyo cha milimita 1, maji hupanda kama milimita 15. Nusukipenyo kikiwa sehemu ya kumi ya milimita, yanafika sentimita 15. Kikipungua mara kumi tena, yanafika mita 1.5. Ukutani mara nyingi hayafiki huko, maana njiani yanakauka kupitia uso wa ukuta. Huishia karibu na mita moja au chini yake, pale ambapo kinachopanda kinalingana na kinachokauka. Ndiyo sababu doa lake hukaa kama mshipi, sambamba na sakafu, kuzunguka chumba. Doa la bati linalovuja huanzia juu likachirizika. La bomba hukaa mahali pamoja.

Sasa neno. Capillaire limetoka kwenye neno la Kilatini la unywele, kwa wembamba wa vijitundu. Kiswahili cha shuleni kimelipokea kwa umbo la kapilari, lakini mwanafunzi hukutana nalo kwenye somo la mishipa ya damu, na masoni anayepanga tofali halimwambii kitu. Rutuba lingefaa kwa asili yake, kwa kuwa kwa Kiarabu ni unyevu, na kamusi za zamani za Kiswahili zinaitaja maana hiyo. Leo rutuba ni sifa ya shamba, wala hakuna atakayekubali kwamba nyumba yake inaharibiwa na rutuba. Kunyonya ni kitenzi kinachokuja chenyewe mdomoni, "ukuta unanyonya maji", ila nomino yake imekwisha kuchukuliwa na siasa: unyonyaji ni dhuluma ya mwenye nguvu kwa mnyonge. Kimebaki kufyonza, ambacho watoto wanakijua tangu darasa la mizizi na mimea. Ndiyo maana napendekeza mfyonzo wa kupanda. Mfyonzo unataja nguvu inayovuta, kupanda kunataja upande maji yanakoelekea, na yote mawili fundi anapaswa kuyajua kabla hajashika mwiko.

Anapaswa kuyajua kwa sababu kosa kubwa hufanyika hapo hapo. Nyumba nyingi za Uvira ni za matofali ya udongo. Baada ya mafuriko, sehemu ya chini ya ukuta hubanduka, na mwenye nyumba, kwa nia njema kabisa, hununua mifuko ya simenti apigiwe lipu nzito hadi usawa wa dirisha. Ukuta unapendeza. Lakini uso uliokuwa ukitoa maji sasa umezibwa, na maji yanayofyonzwa hayakupungua. Yanapanda zaidi yakitafuta pa kutokea, na baada ya miezi kadhaa doa linajitokeza juu ya lipu mpya. Nyuma ya simenti udongo unabaki umelowa, na udongo uliolowa haubebi mzigo kama mkavu. Ukuta wa namna hiyo unaweza kusimama miaka, kisha mvua ya kawaida ikaumaliza, na watu wakailaumu mvua ya siku ile. Wahifadhi wa Mji Mkongwe wa Zanzibar wanapigania jambo hilihili kwa kuta zao za mawe ya matumbawe: lipu ya chokaa huruhusu ukuta kukauka, simenti huufunga. Ukuta wa udongo nao unataka lipu ya udongo au ya chokaa. Najua simenti ni alama ya maendeleo, na familia iliyojinyima kuinunua haipendi kusikia hivyo. Bado inafaa iambiwe kabla ya kutoa pesa.

Kuna na chumvi. Maji yanayopanda huja na madini yaliyoyeyuka, na yanapokauka huyaacha ukutani. Ziwa Tanganyika lina madini mengi: pH yake ni karibu 9, na sehemu kubwa ya chumvi zake huletwa na mto Ruzizi kutoka Ziwa Kivu, kwenye nchi ya volkano. Vyoo vya shimo vikifurika, vinaongeza naitreti zao ardhini. Chumvi hizo zinapoganda kuwa fuwele ndani ya vijitundu, husukuma kingo zake hadi tofali linakuwa unga. Kifaransa huuita ule weupe unaotokea nje efflorescence, kana kwamba ukuta umechanua. Kwa Kiswahili inatosha kusema ukuta umetoa chumvi, na inafaa tuseme pia kwamba chumvi inayoonekana nje ni sehemu ndogo ya iliyomo ndani. Baadhi yake huvuta unyevu wa hewani, hivyo ukuta unaweza kuonekana umelowa hata Julai, wakati mvua imekatika tangu Mei. Kupaka rangi juu yake ni kupoteza rangi.

Uvira ina shida ambayo mji uliopigwa na mto peke yake hauna. Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja, mto Lukuga kule Kalemie, na maji yake mengi zaidi huondolewa na jua kuliko na mlango huo. Likijaa, halipungui upesi. Baada ya mvua kubwa za 1961 na 1962, kilele kilifika 1964. Katika miaka hii limepanda tena, na Aprili na Mei 2024 maji yaliingia barabarani na majumbani, Uvira na ng'ambo ya mpaka, Gatumba na Bujumbura. Katika mitaa ya ufukweni, tangu Kavimvira hadi Kalundu, maji ya ardhini hupanda pamoja na ziwa. Nyumba ambayo wimbi halijawahi kuigusa inaweza kuwa imesimama juu ya udongo uliojaa maji, chini kidogo tu ya sakafu. Hiyo inafyonza mwaka mzima, na kwa kuwa haikufurika, hakuna anayeihesabu miongoni mwa zilizoathirika.

Wanaolala humo wanaathirika. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu unyevu na kuvu ndani ya majengo, likiuhusisha na pumu, kikohozi na maambukizi ya njia ya hewa. Mtoto anayelala kwenye mkeka ulioegemea ukuta wenye kuvu anaivuta kila usiku. Kwenye nyumba za zege madhara huchukua muda mrefu zaidi: nondo hupata kutu, kutu huhitaji nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwa, na zege hupasuka kutoka ndani.

Kwa anayejenga upya, kinga yake naiita tabaka la kizuizi: karatasi ya lami au plastiki nzito, inayolazwa juu ya msingi kabla ya tofali la kwanza, bila kuacha pengo. Ni kitu cha bei ndogo ukilinganisha na nyumba nzima, na baada ya ukuta kusimama kukiingiza ni kazi ngumu na ya gharama. Kwa nyumba iliyokwisha kujengwa, kinachowezekana ni kubandua lipu ya simenti hadi juu ya doa, kuchimba mtaro unaopeleka maji mbali na msingi, na kuuacha ukuta wazi msimu wote wa kiangazi, Juni hadi Agosti. Kabla ya kuanza, chora kwa mkaa mstari pale doa linapoishia, na kila mwezi chora mwingine. Mstari ukishuka, ukuta unakauka, na lipu ya udongo au ya chokaa itapigwa wakati wake. Ukibaki palepale hadi Agosti, maji bado yako chini ya sakafu, na pesa ya lipu iende kwanza kwenye mtaro.