Bunduki na vifaa vya msimu wa kulungu Ohio: yafaayo kujua kabla ya kununua

Kila baridi ikikaribia, vijana wetu walioko Columbus na miji mingine ya Ohio huniuliza swali lile lile: ninunue bunduki gani? Nimeishi jimbo hili miaka mingi na nawinda kulungu takriban kila msimu, kwa hivyo jibu nimelitoa kwa simu mara nyingi. Leo naliandika ili walisome wao, na walisome pia wazee walioko Lamu, Malindi na Mombasa ambao hutumiwa picha ya mtoto wao amebeba bunduki, wakashikwa na wasiwasi. Wana haki. Kwetu Kenya uwindaji umepigwa marufuku tangu 1977, na mtu wa kawaida bunduki huiona begani mwa askari tu. Huku ya kuwindia huuzwa duka moja na viatu na mahema.

Bunduki huja nafasi ya tatu. Kwanza ni makaratasi yako, pili ni sheria ya jimbo, ndipo uende dukani.

Makaratasi

Hapa nitakaa kidogo, maana kosa la hapa halilipwi kwa faini pekee. Laweza kumrudisha mtu nyumbani kwa nguvu.

Ukinunua bunduki kwa muuzaji mwenye leseni utajaza fomu ya serikali kuu iitwayo 4473, kisha jina lako litachunguzwa. Raia anaruhusiwa. Mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa pia, mradi hana kizuizi kingine. Aliyeingia kwa viza ya muda, kama mwanafunzi au mgeni, kwa kawaida haruhusiwi hata kuishika. Sheria imeweka vipengele vichache vya kumtoa katika katazo hilo, na kimojawapo ni kuwa na leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo. Usikitegemee kipengele hicho kwa maneno ya baraza. Mwone wakili wa uhamiaji kwanza. Asiye na kibali cha kukaa nchini asiiguse kabisa.

Kwenye fomu hiyo kuna swali la uraia. Kijana akijiandika raia na hali si raia, amejifungia mlango wa uraia kwa mkono wake. Kuna swali pia la matumizi ya bangi na dawa nyingine zilizodhibitiwa. Bangi Ohio imehalalishwa kwa watu wazima tangu 2023, lakini kwa serikali kuu bado ni haramu, na fomu ni ya serikali kuu. Na jambo ambalo wengi wetu hawalifikirii: miraa. Ndani yake mna cathinone, ambayo Marekani iko katika orodha ile ile ya dawa zilizodhibitiwa. Mtafunaji wa kila Ijumaa asidhani swali lile halimhusu.

Usinunue bunduki kwa jina lako kwa niaba ya ndugu au rafiki aliyekupa pesa. Kwetu ni kusaidiana. Huku ni kosa kubwa la jinai, hata kama huyo ndugu angeruhusiwa kujinunulia mwenyewe.

Baada ya hapo kuna mafunzo ya uwindaji, ambayo kwa anayeanza ndiyo tiketi ya kupata leseni. Leseni haitoshi, utahitaji na kibali cha kulungu. Na ukitaka kuwinda katika shamba la mtu, ruhusa iwe ya maandishi na uwe nayo mfukoni. Ruhusa ya mdomo haina uzito mbele ya afisa wa wanyamapori.

Mnyama na sheria yake

Tunamwita kulungu kwa kukosa jina jingine, lakini si kulungu wa Shimba Hills wala paa wa msitu wa Boni. Ni jamii mbali. Dume huota pembe zenye matawi, akaziangusha baada ya msimu wa kupandana, akaota nyingine mwaka unaofuata. Mkia ni mweupe kwa chini, na akishtuka huunyanyua akikimbia kama mtu anayepunga leso. Dume mkubwa hupita kilo 90. Mwaka 1904 walikuwa wamekwisha kabisa Ohio. Leo wanawindwa katika kaunti zote 88.

Ohio ni nchi ya mashamba, nyumba na barabara, ardhi yake nyingi ni tambarare, na raifo ya kawaida hupeleka risasi mbali mno. Kwa hiyo jimbo limezibana silaha. Raifo zile maarufu za sinema, ambazo ganda la risasi lina shingo kama chupa, haziruhusiwi kwa kulungu. Kinachoruhusiwa ni bunduki ya marisau ya geji 10 au ndogo kuliko hiyo, ikipakiwa risasi nzito moja, ambayo wenyewe huiita slagi, badala ya marisau. Pia gobore la kipenyo cha inchi 0.38 au zaidi. Na tangu msimu wa 2014, raifo ya ganda lililonyooka, lisilo na shingo, kuanzia kipenyo cha 0.357 hadi 0.50. Bunduki ya marisau au raifo isibebe zaidi ya risasi tatu kwa jumla, ya chemba na za akiba.

Juma kuu la bunduki huanza Jumatatu inayofuata sikukuu ya Thanksgiving. Gobore lina siku zake Januari. Upinde ndio wenye msimu mrefu, tangu mwisho wa Septemba hadi mapema Februari. Saa za kupiga ni kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza hadi nusu saa baada ya kutua, na dume mwenye pembe ni mmoja tu kwa mwaka. Kanuni hubadilika, basi soma kijitabu cha jimbo cha mwaka huo kabla ya kulipa senti yoyote.

Sasa bunduki

Kwa anayeanza na hana pesa za kuchezea, nasema bila kusita: bunduki ya marisau ya kusukuma kwa mkono, geji 20. Wauzaji watamvuta kijana kwenye geji 12, na wenzake watamcheka. Awaache. Slagi ya geji 12 ina teke la punda, na mtu aliyepigwa begani mara tano kwenye uwanja wa mazoezi huanza kufumba macho kabla ya kufyatua. Akishafumba macho, hata bunduki ya dhahabu haimsaidii. Geji 20 humwangusha kulungu vizuri kwa masafa ya msitu wa Ohio, ambako mara nyingi mnyama hutokea chini ya yadi 100. Mossberg 500 na Remington 870 zimejaa madukani, mpya na kuukuu, na mtutu wake hubadilishwa: mmoja wa ndege, mmoja wa kulungu.

Ulizia mtutu kabla ya kununua risasi. Mtutu laini kwa ndani hutumia slagi yenye mifuo yake yenyewe, na masafa yake ya uhakika ni yadi 75 hivi. Mtutu wenye mifuo hutumia slagi iliyovishwa kifuko cha plastiki, nayo hulenga vyema mpaka yadi 100 na kupita. Ukichanganya hivi viwili utapoteza shabaha na pesa, kwa sababu hiyo ya kifuko ni ghali.

Mwenye uwezo zaidi atazame raifo ya ganda lililonyooka. Aina ya .350 Legend, iliyotoka 2019, ina teke dogo na inamfaa mwanamke mwembamba au kijana. Ruger American ni moja ya raifo zinazotengenezwa kwa risasi hiyo. .450 Bushmaster ina nguvu nyingi na huliumiza bega. .45-70 ni risasi ya jeshi la Marekani ya mwaka 1873, bado inaua kulungu kama zamani, na wanaoipenda wanaipenda hasa kwa uzee wake. Mimi binafsi gobore ndilo lanipendeza. Una risasi moja, na hiyo moja hukufundisha subira. Ila si silaha ya kuanzia, baruti yake inataka mtu mwangalifu.

Darubini ya juu ya bunduki isikupoteze. Kwa msitu, ya kukuza mara mbili hadi saba yatosha. Muhimu ni kuinyoosha uwanjani: anza yadi 25, kisha 50, kisha 100, kwa risasi ile ile utakayowindia. Kisha acha meza, ukae chini, upige kutoka mapajani kama utakavyofanya msituni. Sehemu ya moyo na mapafu, nyuma ya mguu wa mbele, ni kama upana wa sahani ya chai. Umbali ambao huwezi kuipiga sahani hiyo kila mara, hapo ndipo mwisho wako, hata kama kijitabu cha risasi kinasema yadi 200. Na usifyatue kama nyuma ya mnyama hakuna mlima au udongo wa kuisimamisha risasi.

Nyama italika?

Swali hili huniuliza akina mama zaidi kuliko vijana, na linaingia moja kwa moja katika uchaguzi wa zana. Katika hadithi ya Adi bin Hatim, Allah amridhie, msingi ni kwamba kinachotobolewa kwa ncha chaliwa, na kinachokufa kwa kugongwa na ubavu wa chombo hakiliwi. Wanazuoni wakaja kutofautiana juu ya risasi. Wako wanaosema hutoboa kama mshale, basi mnyama aliyepigwa kwa nia na kwa bismillahi ni halali hata ukimkuta amekufa. Wako wanaosema huua kwa nguvu ya kugonga, basi ni lazima umdiriki angali hai umchinje. Muulize shekhe unayemfuata kabla ya msimu, usingoje mpaka mnyama yuko chini.

Unayefuata kauli ya pili, zana zako zabadilika. Upinde wenye chembe pana unakufaa kuliko bunduki, maana mkato wake hauna shaka. Ukishika bunduki, piga kwa karibu, uwe na kisu kikali kiunoni, na mwendee mnyama kwa nyuma ya kichwa, kwani kwato na pembe zake zimeshajeruhi watu. Na kwa kuwa jimbo lina kanuni zake za namna ya kummaliza mnyama aliyejeruhiwa, mpigie simu afisa wa wanyamapori wa kaunti yako mapema umweleze unavyochinja.

Jambo jingine ni madini ya risasi. Kwa lugha yetu madini na kidonge vimechukua jina moja, na sababu ipo. Kidonge cha madini hayo hupasuka ndani ya mwili na vipande vidogo husambaa mbali na tundu, usivione wala usivihisi ulimini. Ni sumu, hasa kwa watoto na wajawazito. Nunua risasi za shaba tupu. Ni ghali kidogo, lakini katika msimu mzima hutapiga nyingi. Kata pia nyama yote iliyozunguka jeraha uitupe.

Vifaa vingine

Hapa ndipo pesa inapookoa maisha, na ndipo watu wanapobana. Kizibao cha rangi ya machungwa ni lazima kisheria msimu wa bunduki, hata kwa mwenye upinde. Kulungu haioni rangi hiyo kama tuionavyo sisi. Aionaye ni mwindaji mwenzako.

Wengi hukaa juu ya dungu lililofungwa mtini, kama lile la kuingojea ndege mpunga. Kuanguka kutoka dunguni kunaumiza wawindaji wengi mno Marekani. Vaa mikanda ya usalama na ujifunge tangu mguu unapoacha ardhi, wakati wa kupanda na wa kushuka, si ukishakaa tu. Bunduki ivute kwa kamba baadaye, ikiwa haina risasi. Ndani ya gari pia isiwe na risasi.

Nguo: acha pamba nyumbani. Hunywa jasho, ikawa baridi mwilini, na sisi wa joto hatujui baridi ya kukaa kimya saa nne alfajiri ya Desemba. Vaa sufu au kitambaa kisichonywa maji, soksi za sufu, viatu vipana kidogo ili vidole vicheze. Ongeza tochi ya kichwani, kamba ya kukokotea, glavu za mpira, vizuia mshindo vya masikio na simu iliyojaa chaji. Mwambie mtu nyumbani mti gani umekalia na saa ngapi utarudi.

Baada ya mlio

Mnyama akianguka, toa matumbo mara moja na umfungue kifua apoe. Mripoti kwa jimbo kabla ya saa sita mchana wa siku ya pili yake. Kuna ugonjwa wa kulungu wa kukondesha, uligunduliwa kwa kulungu wa mwituni Ohio mwaka 2020 katika kaunti ya Wyandot. Haujathibitika kumpata binadamu, lakini ushauri wa wataalamu wa afya ni kutokula mnyama aliyekutwa nao. Ukiwinda maeneo hayo, peleka sampuli ipimwe na uingoje jibu kabla ya kupika.

Wauza nyama wa vijijini hukukatia kulungu kwa ada. Uliza kwanza wanakatia nini kingine mezani hapo, kwa sababu wengi wao hukata nguruwe kwa misumeno hiyo hiyo, na soseji zao za kulungu huongezwa mafuta ya nguruwe. Mimi hukata nyumbani, kwa kisu kimoja cha mifupa, kinoo na meza ya gereji iliyotandikwa plastiki. Huchukua jioni nzima, na paja moja hutoka pilau ya watu thelathini.