Shirley: Jina la ukoo lililogeuka la msichana

KATIKA madarasa ya Riruta Satellite, magharibi mwa Nairobi, si ajabu mwalimu amwite Shirley na wasichana wawili waitike. Wazazi wengi hudhani ni jina la kike tangu asili, kumbe kwa karne kadhaa lilikuwa la ukoo, na mtoto aliyepewa alikuwa kwa kawaida mvulana.

Chimbuko lake ni Uingereza, ambako kuna vijiji kadhaa viitwavyo Shirley, kikiwemo cha Derbyshire. Waliotoka huko walijulikana kwa jina la kwao. Ni maneno mawili ya Kiingereza cha kale yaliyounganishwa, na kwa kawaida hufasiriwa kuwa uwazi wenye mwanga katikati ya msitu.

Mageuzi yalianza mwaka 1849, Charlotte Brontë alipochapisha riwaya yake, Shirley. Mhusika wake, Shirley Keeldar, ni binti tajiri ambaye wazazi wake walitamani mtoto wa kiume. Walipomkosa, wakampa binti jina la ukoo ambalo wangempa mvulana. Jambo la kitabuni likawa desturi. Kisha akaja mwigizaji mtoto Shirley Temple, aliyezaliwa mwaka 1928, na kufikia 1935 jina hilo lilikuwa la pili kwa wingi miongoni mwa wasichana waliozaliwa Marekani. (Temple mwenyewe alikuja Afrika baadaye, akawa balozi wa Marekani nchini Ghana kuanzia 1974 hadi 1976.)

Kwa Agikuyu wa Dagoretti, binti wa kwanza hupewa jina la nyanya mzaa baba, na wa pili la nyanya mzaa mama. Shirley hutangulizwa tu: Shirley Wanjiru, kisha jina la baba. Ajabu ni kwamba Wanjiru nalo ni jina la ukoo kwa njia yake, kwani masimulizi yanamtaja Wanjiru, binti wa Gikuyu na Mumbi, kuwa mama wa ukoo wa Anjiru. Hata hivyo, shuleni jina hilo hufupishwa likabaki herufi W, na lile la ukoo wa wageni likaandikwa kikamilifu.

Ugomvi huzuka pale jina la nyanya linapoachwa kabisa katika cheti cha kuzaliwa. Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, Sura ya 149, humruhusu mzazi kuomba jina la mtoto libadilishwe katika daftari ndani ya miaka miwili tangu kusajiliwa.