Safari ya Ethiopia: mambo ya kupanga kabla hujalipa nauli

Kwa msikilizaji wa Afrika Mashariki anayetaka kuona urithi wa kale bila kuvuka bahari, Ethiopia iko karibu. Inapakana na Kenya pale Moyale, na ndani yake kuna makanisa yaliyochongwa kwenye mwamba, nguzo za mawe za wafalme wa kale na mji wa Kiislamu uliozungukwa na ukuta.

Iwe ni kwaya, kikundi cha msikitini au familia inayojichanga, akiba ya mwaka mzima inaweza kupotea kwa jambo dogo: cheti kilichosahaulika, tarehe iliyosomwa vibaya, au tiketi ya kwenda mji ambao njia yake imefungwa. Ndiyo maana mpangilio ni muhimu: ulizia usalama kwanza, kisha karatasi, kisha tarehe. Nauli ije mwisho.

Uende mji gani?

Sehemu tatu zinazojulikana zaidi ziko kaskazini. Lalibela, takriban kilomita 645 kutoka Addis Ababa, ina makanisa 11 yaliyochongwa kwenye mwamba mzima kuanzia juu kwenda chini. Yanahusishwa na Mfalme Lalibela, aliyetawala mwishoni mwa karne ya 12 na mwanzoni mwa karne ya 13, na hadi leo watu wanasali humo. Aksum ulikuwa mji mkuu wa ufalme wa kale. Moja ya nguzo zake, yenye urefu wa mita 24 hivi, ilichukuliwa na Italia mwaka 1937, ikarudishwa 2005 na kusimamishwa tena 2008. Gondar ina ngome za wafalme zilizoanza kujengwa karne ya 17.

Kaskazini huko ndiko kulikoumizwa na vita. Aksum iko Tigray, ambako vita vya kuanzia Novemba 2020 vilisimamishwa kwa makubaliano ya Pretoria ya Novemba 2022. Lalibela na Gondar ziko Amhara, ambako mapigano kati ya jeshi na wanamgambo wa Fano yalipamba moto mwaka 2023. Hali ya mji mmoja inaweza kubadilika ndani ya wiki moja.

Uliza watu watatu: ubalozi wa nchi yako, shirika la ndege, na hoteli iliyoko katika mji wenyewe. Uliza kabla ya kulipa, na uulize tena wiki ya kuondoka. Muulize wakala pia, na akujibu kwa maandishi: safari ikivunjika kwa sababu ya usalama, fedha zinarudi?

Kaskazini kukiwa na shida, usidhani safari imekufa. Addis Ababa kuna Makumbusho ya Taifa, yanakohifadhiwa mabaki ya Lucy, ambaye Waethiopia humwita Dinkinesh. Aliishi miaka milioni 3.2 iliyopita na aligunduliwa 1974. Kusini mwa jiji, safari ya kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, kuna mawe ya kale ya Tiya. Mashariki kuna Harar, mji wenye ukuta na misikiti 82, ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2006. Ili kufika huko, watu hupitia Dire Dawa kwa ndege au treni, kisha humalizia kwa gari. Nako ulizia usalama kwa njia ile ile.

Karatasi

Pasipoti iwe na angalau miezi sita kabla ya kuisha, na majina yaliyomo yafanane herufi kwa herufi na yale ya tiketi.

Wakenya wanaokwenda kutembea hawahitaji viza. Raia wa nchi nyingine waulize ubalozi wa Ethiopia kuhusu utaratibu wa sasa, au waombe kupitia tovuti rasmi ya serikali ya Ethiopia. Zipo tovuti za watu binafsi zinazofanana na ile rasmi na hutoza zaidi, kwa hiyo pata anwani sahihi kutoka ubalozini.

Cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ile kadi ya njano, kinahitajika kwa wanaotoka nchi zenye ugonjwa huo. Ethiopia nayo imo katika nchi hizo, hivyo unaweza kudaiwa kadi unapoingia na pia unaporudi nyumbani. Kadi huanza kutumika siku 10 baada ya kuchanjwa, na hudumu maisha yote. Aliyechanjwa jana kwa safari ya kesho anaweza kuzuiwa mpakani.

Tarehe na saa

Ethiopia ina kalenda yake. Mwaka una miezi 13: kumi na miwili ya siku 30, na mmoja wa siku tano au sita. Mwaka mpya huanza Septemba 11, au Septemba 12 katika baadhi ya miaka. Ili kupata mwaka wao, toa 7 kwenye mwaka wetu kuanzia siku hiyo hadi Desemba 31, na utoe 8 kuanzia Januari hadi mwaka wao mpya. Ukipewa risiti ya hoteli au tiketi ya basi, uliza tarehe imeandikwa kwa kalenda ipi.

Kwa saa, Mswahili ana nafuu. Wao pia huhesabu kuanzia alfajiri, kwa hiyo saa mbili yao ya asubuhi ni saa mbili yetu. Tatizo huja mkizungumza Kiingereza, kwani mmoja anaweza kutaja saa ya kienyeji na mwingine akaelewa saa ya kizungu, mkapishana kwa saa sita. Tiketi za ndege hutumia saa ya kimataifa: 08:00 ni saa mbili asubuhi.

Krismasi yao ni Januari 7, na Timkat, sikukuu ya ubatizo wa Yesu, huwa Januari 19 au 20. Siku hizo Lalibela na Gondar hujaa watu, na vyumba hutafutwa mapema sana.

Hali ya hewa, mavazi na chakula

Mvua kubwa hunyesha Juni hadi Septemba. Oktoba hadi Machi ni rahisi zaidi kwa safari. Addis Ababa iko juu ya mita 2,300 na Lalibela karibu 2,500. Usiku ni baridi, na anayetoka pwani anaweza kuishiwa pumzi akipanda ngazi, hivyo siku ya kwanza apumzike. Mwenye presha au ugonjwa wa moyo amwone daktari kabla ya kuondoka.

Kanisani viatu huvuliwa, mabega na magoti hufunikwa, na wanawake hujitanda kichwani. Jumatano na Ijumaa Waorthodoksi wengi hufunga nyama, maziwa na mayai, kwa hiyo utapata injera kwa dengu na mboga. Mwislamu aulizie mkahawa wa Waislamu.

Fedha na simu

Fedha yao ni birr. Badilisha benki, utunze risiti, na usibadilishe nyingi kupita mahitaji, kwani ukirudi nyumbani ni vigumu kupata wa kuinunua. Nje ya miji mikubwa beba fedha taslimu.

Laini ya simu husajiliwa kwa pasipoti. Kwa kuwa intaneti huweza kuzimwa sehemu zenye machafuko, usitegemee simu peke yake. Andika kwenye karatasi jina la hoteli, namba ya mwenyeji na namba ya ubalozi. Nakala moja ya karatasi hiyo, pamoja na nakala ya pasipoti na tiketi, iache kwa mtu wa nyumbani anayejua siku unayotarajiwa kurudi.