Mchungaji Aliyekosa Mimbari

Mwaka 1850 George MacDonald, Mskoti, alipewa uchungaji mjini Arundel, Uingereza. Alipotumaini kwamba rehema ya Mungu yaweza kuwafikia wapagani hata baada ya kufa, wazee wa kanisa walimpunguzia mshahara. Mwaka 1853 akajiuzulu. Mimbari ilikwisha, wito haukwisha. Mwaka 1872 kilitoka kitabu chake cha watoto, The Princess and the Goblin. Humo Irene, binti wa mfalme, apewa na bibi yake uzi usioonekana. Aufuata kwa kidole gizani ndani ya mlima, amwokoa Curdie, kijana mchimba madini. Curdie aambiwa habari za uzi, hasadiki. Twaona basi: MacDonald mwenyewe alikwisha kuipita njia hiyo, asiaminiwe, wala asiuache uzi.